Niliyemzika kwa Kifaransa

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefua sare, nimepiga pasi, nimerudia hadithi yangu. Sasa naitamka bila kukwama popote. Mwalimu wetu, Mkongo wa Lubumbashi anayetufundisha Kifaransa kwa simu, anasema mtihani wa kuzungumza hauhitaji ukweli, unahitaji maneno uliyo nayo. Swali la tukio lililobadilisha maisha yako lazima lije. Katushauri wote tuzike mtu. Mfiwa hakatizwi, kasema. Unaongea mpaka muda uishe.

Basi nimemzika mama. Kwa Kifaransa tu. Mwenyewe yuko Tanga, mzima, anauza ubuyu barazani. Nyumba yake nimeipa mlango wa bluu kwa sababu neno la kahawia, rangi yake ya kweli, halinikai kichwani. Nimeongeza na mbwa. Kila familia ya kitabuni ina mbwa. La kweli ni moja: kila Jumapili alinikalisha kati ya magoti yake akanisuka. Hilo sikulitunga.

Nikifaulu, njia ya ukaazi wa Kanada itafunguka, na baadaye nimchukue mama. Hapa ugenini viza yangu ni ya kampuni. Siku wakisema khalas, kazi imekwisha, ni khalas.

Jumanne, 7 Oktoba

Kazini, mapokezi, Jumeirah Lake Towers, maghorofa kando ya ziwa. Wageni wachache. Nawapa kadi za kupandia lifti huku nikimzika mama kimoyomoyo. Nimefika hadi maziko bila kosa.

Mchana mama kapiga simu ya video. Nyuma yake, mlango wa bluu. Anasema fundi wa jirani alibakiwa na rangi, kaomba aupake bure. Mama kaupenda. Nimecheka. Rangi ya bluu iko kila mahali, si ajabu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kuna mbwa.

Nimefunga daftari, nimezunguka ziwa lote, nimerudi. Mama yangu, ambaye akimwona mbwa njiani huvuka upande wa pili, anasema kuna mbwa kalala mlangoni pake. Anafukuzwa, anarudi. Nimemwuliza yukoje.

"Mweupe, sikio moja jeusi. Mbona wauliza kama wamjua?"

Namjua. Nilimtunga mwenyewe nikiwa kwenye metro.

Nimempigia mwalimu. Nilitaka acheke. Akasema, "Dada, mimi kwenye mtihani nilizika baba yangu, na baba alikuwa amekwisha kufa kweli. Sikuwaambia?"

Hakutuambia.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama anakohoa. Kwenye hadithi kwanza anakohoa, halafu anaacha kula, halafu anawachanganya watu majina, halafu mvua inanyesha na anafariki. Niliyapanga hivyo kwa sababu ndivyo vitenzi nilivyovijua.

Utotoni ukimtaja mzima kama marehemu unapigwa kofi la mdomo. Acha uchuro, unaambiwa. Mimi nilidhani uchuro haujui Kifaransa. Mjinga mimi.

Sitaitamka tena.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilikuwa namenya viazi. Prossy, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa anapiga rangi viatu vyake vya ulinzi. Kaniangalia.

"Wewe, hii story yako ya French haikuchoshi? Tangu umeanza hivyo viazi, ni hiyo tu."

Sikuwa nimefungua mdomo. Nilidhani sikuwa nimeufungua. Nimeugusa, midomo ilikuwa mikavu kama ya mtu aliyehutubia.

Nimepiga Tanga. Mama hajala tangu jana. Chai inamtosha, anasema. Ndani nilisikia mbwa akijikuna.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo mama kaniita kwa jina la bibi, ambaye alikufa zamani. Daktari kampima, haoni kitu. Jirani anasema Tanga kumetanda mawingu.

Naogopa. Sina neno jingine.

Nikiuacha mtihani, hadithi haiachi. Prossy anaisikia jikoni, anaisikia bafuni. Nimejaribu kutunga nyingine. Harusi. Kuhama nyumba. Maneno hayatoshi, na ulimi unarudi kwenye njia uliyoizoea. Hii inataka mtu wa kuzika.

Basi nitaipa. Nimepitia hadithi yote, kila palipo na mama nimeweka dada. Sina dada. Nimezaliwa peke yangu. Asiyekuwapo atakufaje? Najiona mjanja, leo nitalala vizuri mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mtahini alikuwa mwanamke wa makamo, sweta begani kwa baridi ya kiyoyozi. Swali likaja. Nikamzika dada, kuanzia kikohozi hadi mvua. Hakunikatiza. Mwalimu alisema kweli.

Mwishoni kaniuliza jina la marehemu. Hilo sikuliandaa. Nikasema Salma, papo hapo, kama lilikuwa linangoja zamu. Halafu nikalia. Sikuigiza. Machozi yalitoka tumboni na sijui nilikuwa namlilia nani.

Nimetoka nje juani, nimepiga simu. Mama anakula. Wali na samaki, nimemsikia akitafuna. Kikohozi kimeisha tangu asubuhi. Mbwa kaondoka. Mvua imenyesha, anasema, kubwa hasa, na imekatika. Kaniita Zuhura, jina langu.

Alhamdulillahi. Nimemnunulia Prossy biriani.

Alhamisi, 27 Novemba

Matokeo yametoka. Nimefaulu.

Nimempigia mama baada ya alasiri. Kafurahi, kashukuru, kisha sauti ikapungua. Kasema ndiyo kwanza anaingia ndani. Alikuwa makaburini. Alhamisi ni siku yake ya kumpalilia Salma kaburi na kumsomea Yasini.

Jina hilo sikumtajia. Sikumtajia mtu yeyote nje ya kile chumba.

Sikubisha. Alikuwa anapumua kama mtu aliyelia njia nzima. Nimeuliza la pembeni tu. Mama, wakumbuka ulivyokuwa ukinisuka Jumapili?

"Mimi?" Kacheka kidogo. "Mwanangu, mimi na kusuka wapi na wapi, na vidole hivi. Aliyekuwa akikusuka ni dada yako."

Nimemwambia kweli, nilisahau.

Nimekaa kitandani nikijaribu kuikumbuka Jumapili moja tu. Magoti nayaona. Kitana nakiona, mafuta ya nazi nayasikia harufu. Nikiinua kichwa nimwone anayenisuka, ni msichana.

Prossy yuko kazini. Chumba kimya. Nimetia udhu, nimetandika msala, nimemsomea Salma Yasini.