Shikamoo Kwenye Taa Nyekundu

Jumatatu, 3 Februari

Nimefungua kibanda mapema. Nimefagia, nimetundika kofia, nimeketi. Nimejaribu sindano tena. Imenidondoka kabla ya tundu la kwanza. Nimeitafuta mkekani kwa mkono wa kushoto huku ninatukana.

Plasta nilitolewa wiki iliyopita kule hospitali ya Msambweni. Daktari ameniambia kidole cha shahada na cha kati havitanyooka tena. Vitabaki vimekunjika hivi hivi. Hata nikiwa kwenye tahiyatu kidole hakiinuki. Ninaswali nimekasirika, Mungu anisamehe.

Kofia ya mwanangu Suleimani iko kwenye mfuko. Ubavu nimeumaliza, juu bado. Nikahi yake ni tarehe ishirini na moja. Kwetu mama ndiye humshonea mwanawe kofia ya nikahi, kwa mkono wake mwenyewe, tundu kwa tundu. Mama yangu aliwashonea kaka zangu wote. Mimi nina mwana mmoja na sina vidole.

Taa hizi za njia panda ya Ukunda nilizifurahia zilipowekwa. Mjinga mimi. Nilivuka kwenye kivuko, magari yamesimama, nyekundu inawaka, na yule wa baiskeli akanipitia kama sipo. Sanduku la samaki nyuma. Niliangukia mkono. Akapiga kelele "Samahani mama!" na akaenda zake. Hakuweka hata mguu chini.

Samahani ya mtu anayekimbia. Hiyo ndiyo inayonichoma.

Jumatano, 5 Februari

Trafiki wamekuja! Msako wa baiskeli zinazopita nyekundu. Wamejificha nyuma ya kibanda cha Mwanasha, jirani yangu anayekaanga mahamri. Mkubwa wao ni Afande Wafula, mtu wa bara, mnene, anatoa jasho tangu asubuhi. Mwendesha baiskeli akipita tu, wanamrukia. Baiskeli inatupwa kwenye lori.

Raha niliyoipata leo sijaipata tangu mwaka uanze. Kila baiskeli ikilia "kwaa" ndani ya lori, moyo unapoa kidogo.

Mwanasha amenuna. Anasema ni watu wanaotafuta riziki. Anawahurumia kwa sababu ndio wateja wake.

Alhamisi, 6 Februari

Nimehamisha kigoda nje, karibu kabisa na taa. Nimemweleza Afande Wafula habari yangu na kumwonyesha mkono. Akacheka, si kwa ubaya.

"Mathe, baiskeli za samaki hapa ni mob, hazihesabiki. Tutamjuaje?"

Nikamwambia uso sikuuona vizuri, sauti ninaijua. Niko tayari kuisikiliza mpaka Ramadhani iingie.

Jumamosi, 8 Februari

Wapi. Wamekamatwa wauza madafu, wauza mkaa, mpishi mmoja wa hoteli aliyelia kama mtoto. Si yeye.

Wenye baiskeli wameshanipa jina: Askari Kofia. Wanatema mate wakinipita. Na wateme. Biashara haina mtu, wateja wote ni hao hao na ndugu zao.

Jumanne, 11 Februari

Nimempata.

Nilikuwa ninakunywa chai. Nyekundu inawaka, mama mmoja anavuka na ndoo kichwani. Baiskeli ikachomoka kati ya tuktuk mbili, sanduku la njano limefungwa kwa mipira ya tairi. Ndoo ikayumba. Nikasikia: "Samahani mama! Samahani!"

Nilisimama, chai ikamwagika mapajani, nikapiga ukelele: "Ndiye! Afande, ndiye huyo!" Wafula na unene wake alikimbia mbio ambazo sijawahi kuona. Wakamshika shati. Barafu na samaki barabarani, paka wa soko zima wakaja.

Kijana tu. Anaitwa Rashidi, wa Gazi. Umri kama wa Suleimani wangu. Nilimwinulia mkono mbele ya macho yake. Alinitambua pale pale. Hakukana, akainamisha kichwa.

Amelala ndani. Mimi nitalala vizuri.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda mahakamani Kwale. Nimevaa buibui la sikukuu. Amekubali makosa yote, la taa na la kunigonga. Hakimu amempiga faini na kumkaripia. Baiskeli itakaa kituoni mpaka alipe.

Basi? Hivyo tu?

Nilitaka wamvunje kidole. Nimeandika na sifuti. Kimoja tu, cha shahada.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya swala ya Ijumaa wamekuja nyumbani kutaka radhi. Mamake Rashidi na mjomba wake. Wamekuja na nguru mzima, mbichi, macho maangavu. Wamekaa mkekani kwa adabu zote. Mjomba amesema maneno mazuri, mwezi ni Shaabani, Ramadhani i mlangoni, tusiingie na vinyongo. Mama mtu alilia tu.

Nikawaambia samaki wenu mrudi naye.

Mwanasha alikuwapo. Nguru alipotolewa mlangoni nusura alie kuliko mamake Rashidi.

Kisha yule mama akaiona kofia kwenye mfuko. Akaishika, akapitisha kidole kwenye vitundu. Kumbe naye ni mshonaji. Akaniambia polepole, "Dada yangu, nipe nikumalizie. Usiku na mchana nitaishona, iwahi nikahi." Vidole vyake vimenyooka, vyepesi, vizuri. Nikampokonya.

Mkono wa aliyezaa mkosaji wangu ukamalize kofia ya mwanangu? Haitakuwa.

Jumatatu, 17 Februari

Mjomba amelipa. Rashidi yuko barabarani tena, sanduku lile lile la njano. Trafiki wamehamishiwa kwingine tangu jana, hapana wa kumtazama. Lakini kwenye nyekundu amesimama. Ameweka mguu chini. Ameniona kwenye kigoda changu.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia.

Tangu nizaliwe sijawahi kuiacha shikamoo ya mtu ining'inie. Si ya mlevi, si ya mwizi. Mama yangu angenifinya. Leo nimefumba mdomo, nimemtazama, nimemwacha na salamu yake mdomoni. Uso ulimbadilika. Taa ikawa kijani na yeye bado amesimama, tuktuk zinampigia honi.

Nimeipata silaha yangu. Tamu kama halua.

Jumatano, 19 Februari

Shikamoo mama. Kimya.

Mwanasha amenisema mbele ya wateja. "Dada, faini kashalipa. Hii ya kwako ataimaliza lini?" Nimemwambia akaange mahamri yake, yanaungua. Yalikuwa yanaungua kweli.

Usiku nimejaribu kofia. Nimebana sindano kati ya kidole gumba na cha pete. Nimejichoma, tone la damu limeingia kwenye kitambaa cheupe. Nimefua, halijatoka lote.

Ijumaa, 21 Februari

Mwanangu ameoa. Alhamdulillahi.

Amevaa kofia ya kununua, ya mashine, ya Mombasa. Vitundu vimepangwa sawa vyote, havina uhai. Mashangazi zake wameitazama kofia, kisha wakanitazama mimi, kisha wakazungumza habari za pilau. Suleimani alinong'ona, "Iko sawa, mama, usijali," akabusu vidole vyangu vibovu mbele ya watu.

Nilikwenda chooni nikalia. Nikatoka nikapiga vigelegele na wenzangu.

Rashidi asitarajie kitu kwangu. Dunia na akhera.

Jumatatu, 24 Februari

Leo alisimama pamoja na wenzake watatu. Shikamoo mama, kwa sauti ya kusikika. Nikampa mgongo, nikapanga kofia ambazo zilikuwa zimeshapangika. Mwenzake mmoja akamwambia, "Twende, huyo moyo wake mawe."

Hakwenda. Alingoja kijani.

Nilitaka aone aibu, ameiona. Nilitaka ajue uchungu wa kitu kisichonyooka, nadhani anaujua. Mbona basi chai ya saa nne haikushuka? Nimeimwaga.

Jumatano, 26 Februari

Stima imepotea tangu alfajiri. Taa za njia panda zimekufa zote, hakuna nyekundu wala kijani. Kila mtu anajipitia. Malori, tuktuk, bodaboda, mbuzi.

Rashidi akafika. Akaweka mguu chini kwenye mstari. Akasimama.

"Shikamoo mama."

Nikanyamaza kama kawaida yangu. Njia ikawa tupu upande wake. Hakupita. Wenzake wakampita, wakamcheka. Mwanasha akasema huyu naye amerukwa na akili, taa yenyewe imezimika. Maji ya barafu yalianza kuchuruzika kutoka kwenye lile sanduku la njano, yakachora mstari kwenye lami.

Ndipo nikaona. Hakuwa anaitazama taa. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilimwacha. Niandike ukweli, nilimwacha kwa makusudi. Jua likapanda. Niliyahesabu kwa raha matone ya lile sanduku. Samaki wakimharibikia leo, nilisema moyoni, ndipo tutakuwa tumelingana. Aliendelea kusimama, jasho linamtiririka shingoni, mikono yote miwili kwenye usukani, vidole kumi vizima.

Raha ile ikaisha. Sijui iliisha vipi. Nilichoka tu, kama mtu aliyebeba ndoo akasahau kuitua.

Nikamwinulia mkono apite. Mkono wa kulia, ndio uliozoea. Lakini vidole hivi havipungi. Vilisimama vimekunjika hewani, na yeye akadhani ninamzuia. Akarudisha gurudumu nyuma ya mstari. Nikainua tena, juu zaidi. Akarudi nyuma tena na kuinamisha kichwa.

Mkono alioutengeneza mwenyewe, haujui kumwambia nenda.

Ikabidi mdomo. Nilitaka kusema pita. Nilifungua kinywa na kilichotoka ni kile kilichokuwa kimekaa humo tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

"Marahaba."

Aliinua kichwa. Akangoja kidogo, kama mtu anayedhani hakusikia sawa. Kisha akapanda, akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuka taratibu. Hakusema samahani.

Sijamsamehe. Nimeitikia salamu tu.

Mwanasha ameniletea mahamri mawili bila kuombwa. Kofia bado iko kwenye mfuko, na lile doa lake la damu. Jioni nimemwuliza Mwanasha kama anajua nyumba ya yule mama mshonaji wa Gazi iko upande gani. Anasema ni karibu na msikiti.