Uzi Mwekundu wa Mkebe Namba Moja

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Leo Bwana Ngui katukusanya wafanyakazi wote sebuleni. Kampuni yatimiza miaka kumi mwezi ujao, tarehe 26 kutakuwa na sherehe, na kutatengenezwa filamu ya nusu saa kuhusu historia yetu. Tangu kile chumba juu ya duka la vitambaa, Mtaa wa Biashara, mpaka nyumba hii ya Kilimani na vipindi tunavyouza Kampala na Lusaka.

Nikajiweka sawa kitini. Nani mwingine anayeijua historia hiyo? Tulianza watu watatu: yeye, marehemu Zedekiah mpiga picha, na mimi. Nimebeba taa, nimeshika kibao mbele ya kamera, nimepiga chapa barua, nimefagia. Jina lenyewe la kampuni ni Ngui na Wenzake. Hao wenzake ni nani, kama si mimi na marehemu?

Basi katangaza: filamu ataitengeneza Selpher Awiti.

Selpher! Miezi mitano tu hapa! Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mikono yangu nikaiona kama ya mtu mwingine.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda kwa Bwana Ngui. Nikamwambia kwa adabu kwamba historia ya hapa naijua mwanzo mwisho, niandike japo kurasa mbili. Kacheka. Hakucheka vibaya, na hilo ndilo lililoniuma.

"Khamisa, wewe ni mtu ya stoo," kasema. "Hii maneno ya kuandika tuachie wenye wamesomea."

Mtu ya stoo. Haya. Nimerudi stoo yangu nikalia kidogo, kisha nikafuta vumbi.

Ni yangu kweli, hata asingesema. Mikebe mia nne na ushei ya filamu, kila mmoja naujua ulipo nikiwa nimefumba macho. Na utaratibu ni wangu. Filamu ambayo haina nakala popote duniani, mkebe wake naufunga uzi mwekundu. Ukiuona uzi, usikate, usitoe nje. Sijauandika popote, sikuwa na haja. Marehemu Zedekiah aliuheshimu kama amri ya serikali, na Bwana Ngui anaujua. Imebaki mikebe sita yenye uzi. Wa kwanza ni Namba Moja, kipindi cha kwanza kabisa cha "Fundi na Kazi Yake", 1964, kuhusu mhunzi mmoja wa mabati. Wakati ule hatukuweza kununua filamu ya negativu, ile ya kutolea nakala. Ile iliyopita kwenye kamera ndiyo hiyo hiyo iliyoonyeshwa kwenye televisheni. Ikiharibika, hakuna nyingine.

Ijumaa, 13 Septemba

Hasidi hana sababu, husema watu. Mimi ninazo.

Suruali zake za miguu mipana. Diploma yake ya Uingereza ameitundika ukutani na fremu — mimi hata kalenda nilikatazwa kupigilia msumari! Bwana Ngui akizungumza naye hukaa chini, akizungumza nami husimama mlangoni. Na leo mchana kamchukua kwa gari lake, kampeleka kwake Lavington ale na mkewe. Miaka kumi, Lavington mimi nimefika langoni tu. Nilipeleka bahasha, askari akaipokea, nikarudi.

Kibaya zaidi, ana adabu. "Dada Khamisa, umeamkaje." "Dada Khamisa, pole na kazi." Angekuwa na kiburi ningelala usingizi mzuri.

Jumatano, 18 Septemba

Ramadhani imeingia. Selpher aliniletea chai, hakujua. Nilipomwambia nimefunga, kaona haya kweli kweli, kaomba radhi mara tatu. Tangu hapo chai yake anakwenda kuinywa nje nyuma ya jiko, kwenye jua, nisimwone.

Nani kamtuma? Sasa ofisi nzima inasema Selpher ana moyo mzuri. Mimi nina njaa tu.

Alhamisi, 19 Septemba

Nataka niandike hili kama lilivyokuwa.

Asubuhi niliingia chumba cha Selpher kuchukua orodha ya mikebe anayoitaka. Hakuwepo. Juu ya taipu palikuwa na karatasi: "Mnamo mwaka 1964, Bwana Ngui pamoja na mpiga picha wake, marehemu Zedekiah, walianzisha kampuni hii." Nikasoma mpaka chini. Nikageuza nyuma — tupu. Watu wawili! Mimi sikuzaliwa!

Saa sita kaja stoo na orodha. Wa kwanza aliotaka ni Namba Moja. Nikamtolea. Kaushika, kaona uzi.

"Hii uzi ni ya nini, dada Khamisa?"

Kauliza vizuri, ananitazama usoni kama mtoto wa chuo mbele ya mwalimu. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa.

"Wa kufungia tu," nikasema. "Kifuniko kimelegea."

"Kwa hivyo hii naweza kata? Nakala iko?"

"Kata tu."

Kaufungua uzi, kanikabidhi ukiwa umekunjwa vizuri, kashukuru. Nimeutia kwenye droo.

Kinywa nimekifungia chakula, uongo nimeuacha upite. Na sikuona uchungu wowote. Nilijisikia mwepesi mpaka magharibi, nilipoweka tende mdomoni nikaitema.

Jumatatu, 23 Septemba

Nasikia kile kikatio chake cha filamu kupitia ukutani. Anakata, kimya, anaunganisha kwa gundi, anakata tena. Kila kiungo kinakula picha mbili tatu, na zikishaliwa hazirudi. Ningeweza kuinuka. Ni hatua kumi na mbili toka kiti changu mpaka mlango wake, nimezihesabu.

Nikajiambia, wacha. Naye ajue kwamba diploma haikumfundisha kila kitu. Wacha Bwana Ngui aone tofauti ya mtu ya stoo na mtu aliyesomea.

Sikuinuka.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimeswali msikiti wa Jamia, upande wa wanawake. Wenzangu wote wanaomba. Mimi sikuomba kitu, niliona haya.

Jumatano, 2 Oktoba

Selpher kaniita nikaone mwanzo wa filamu yake. Mimi peke yangu. Hata Bwana Ngui hajaona, kasema. Kafunga pazia, kawasha projekta.

Ni mimi.

Mimi wa miaka ishirini na mbili, Mtaa wa Biashara, nimesimama mbele ya mhunzi na kibao mkononi, buibui limeteleza kichwani, nacheka na Zedekiah aliye nyuma ya kamera. Sikukumbuka kwamba niliwahi kucheka vile. Nikakipiga kibao, nikaondoka mbele ya kamera, na maandishi yakaja: NGUI NA WENZAKE.

Selpher kawasha taa. Kanieleza kwamba Bwana Ngui alimpa maelezo aliyoandika mwenyewe, ndani yake watu wawili tu. Lakini alipotazama Namba Moja akamwona wa tatu. Kampigania kwa Bwana Ngui alipoalikwa tena Lavington, mezani, mkewe Ngui akamuunga mkono.

"Nilitaka historia ianze na wewe, dada," kasema. "Ndiyo nikaikata hiyo pahali, na zingine pia. Imetoka sawa?"

Macho yangu yalikuwa kwenye kapu lililo chini ya meza. Vipande vya mhunzi, vya nyundo, vya mikono yake, vimejikunja pamoja na vumbi la sakafu. Nikasema imetoka sawa. Nikasema kichwa kinaniuma, ni saumu.

Kanipigania. Mimi! Na nilichofanya nilimfanyia yeye.

Alhamisi, 3 Oktoba

Telegramu imekuja asubuhi. Lusaka wamekubali "Fundi na Kazi Yake", vipindi vyote kumi na vitatu, seti kamili au basi. Bwana Ngui kaja stoo karibu akimbie. Huo ndio mkataba mkubwa kuliko yote tangu tuanze, alitaka kuutangaza kwenye sherehe. Namba Moja iende London wiki hii ikatolewe nakala.

Nikampa mkebe, Selpher alikuwa ameurudisha jana. Kautazama.

"Uzi iko wapi?"

Kafungua. Mkebe ulikuwa karibu mtupu.

Kaita Selpher. Tukasimama watatu kwenye chumba kile chembamba, mikebe huku na huku. Kamwonyesha mikebe mitano iliyobaki na nyuzi zake, kamwuliza kama huu wa kwanza haukuwa nao. Selpher kasema ulikuwa nao. Kamwuliza, basi aliuona. Kasema ndiyo, aliuona.

"Na hukuuliza?"

Selpher kanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua pole pole, kisha anafika mwisho na kuelewa. Nilimwona akielewa, wallahi.

"Sikuuliza," kasema.

Bwana Ngui kampa mpaka saa nane arudi ofisini na barua yake ya kuacha kazi. Vinginevyo atamwandikia yeye mwenyewe ya kumfukuza. Katoka, kabamiza mlango, mikebe ikalia. Nikageuka nimwambie Selpher kitu, chochote. Kaniambia nikae chini, dada, saumu itanishinda, uso umebadilika. Kisha kaenda chumbani kwake. Namsikia akiishusha diploma ukutani.

Nataka nimchukie na sipati pa kushika. Hata kwenye wema kanitangulia.

Sasa ni saa nane kasoro dakika saba. Uzi nimeutoa kwenye droo, nimeufunga kidoleni, nimeufungua, nimeufunga tena. Yeye ana kaka wanne wanaosoma Kisumu kwa mshahara wake, mimi nina mama Lamu. Atapata kazi nyingine, amesoma. Mimi nje ya stoo hii ni nani?

Bwana Ngui keshaingia ofisini, mlango kauacha wazi. Selpher anapita ukumbini na bahasha mkononi, viatu vyake navijua. Anapita mbele ya mlango wangu. Hakugeuza kichwa.

Toka hapa mpaka kwa Bwana Ngui ni hatua ishirini. Nimesimama, naandika wima