Springi Sikuzikata

Jumanne. Mvua bado.

Kumpiga nimempiga, na sijuti.

Bwana ninayemtengenezea magari alitaka nikate springi za gari lake la mbio, lishuke, lishike barabara. Nikakataa, likishuka, tope la Bujonde litalimeza. Nikapunguza upepo wa matairi, nikamwambia tuweke magunia ya mpunga nyuma, uzito wake ulishikishe barabara.

Yeye akapakia watu! Akamkalisha baba yangu, kisha akamburura mke wangu akae ubavuni pa baba. Mke wangu akajifunika uso, akapiga kelele: "Niache! Huyu ni baba mkwe!"

Kwetu mkamwana hata kumtazama baba mkwe ni mwiko.

Spana ilikuwa mkononi mwangu. Meno ya Bwana yaliangukia topeni.

Kesho askari watanijia. Naogopa.

Baba amekaa nje mvuani, ili mke wangu alie ndani kwa uhuru. Amenishukuru kupitia dirisha: "Ndaga, mwanangu. Ungemwongeza pigo."