Kongosho Jeupe la Mjomba

Mama, shikamoo kutoka Cheyo, kwenye joto la kukausha mate. Kaka yako hafi. Juzi ultrasaundi ilionyesha kongosho lake jeupe kuliko ini, akajua anakufa, akagawia majirani mizinga yake yote ya nyuki siku hiyo hiyo. Mimi, msomi wako, nikamlilia bafuni. Leo CT-skani imelionyesha jeusi.

"Kumbe limeshaoza!" akasema.

"Mzee, hakuna uvimbe," daktari akamjibu. "Ni mafuta yale yale. Kwenye ultrasaundi yanaonekana meupe, kwenye CT meusi. Punguza kula."

Mchana kutwa Mjomba amepita akidai mizinga yake, na kila nyumba imempakulia kwanza wali na nyama. Amerudi na mzinga mmoja, ameshiba mara tano. Nakukumbatia. Ile kanga uliyomnunulia msiba wake ivae tu sokoni.