Njia ya Mathenge ya Kwenda Misikhu

Jumatano, 9 Agosti 2006

Rotich, mpima mashamba, ameniletea GPS mbili za kuonyesha njia, nijaribu. Moja ninunue, nyingine nirudishe Jumamosi jioni. Kubwa ina rangi na ramani. Ya manjano haina ramani, ila huchora mstari kila unapopita. Akauliza, kwani Kui umepotea? Bado, nikamwambia!

Mume wangu Mathenge alikuwa akipeleka vitunguu Misikhu kwa baiskeli, kwa vijia vya mashambani. Aliogopa malori. Kila mara: Kui, siku moja nitakupeleka. Tukamzika Pasaka. Sasa anayeijua njia yake ni Nyongesa tu, mwenzake wa safari, na Jumatatu anahamia Malakisi kulima tumbaku. Ataniongoza Jumamosi. Mara moja tu! Nisipoishika, basi.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimejaribu ile kubwa hadi ng'ambo ya Kipsongo. Inajua barabara ya lami, basi. Kuingia kwenye mahindi – kioo cheupe! Lakini mshale wake nauona hata bila miwani. Soko la Misikhu liko kule, nyoosha. Nadhani nitaichukua.

Jumamosi, 12 Agosti

Naandikia njiani, nimeketi nyasini. Tumepita Kiminini. Nimefunga zote mbili kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Ati baiskeli yangu imekuwa ndege, asema Nyongesa.

Mahindi yametuzidi kimo. Hapa Mathenge alikuwa akipiga mluzi, wasipotezane.

Sasa hivi kijia kimenyooka mbele, na mshale vilevile. Nyongesa akakata kushoto kuzunguka shamba zima. Nikamwita, si mbele ndiyo karibu? Akajikuna kichwa.

"Shemeji, pale kulikuwa na mbwa kali. Ilimrarua bwana yako suruali."

Iko wapi?

"Aah, ilikufa kitambo, wakati wa El Niño! Lakini mzee hakuacha kuzunguka. Na mimi nikazoea, bana."

Nimecheka mpaka machozi. Suruali ile! Niliitia kiraka mimi mwenyewe, mguu wa kulia. Aliniambia ni mnyororo wa baiskeli!

Wingu jeusi linashuka kutoka Mlima Elgon. Nyongesa ameshaweka mguu kwenye pedali. Mvua hiyo, shemeji, aniuliza, tunapita wapi?

Ya manjano imechora mstari hadi hapa. Inangoja tu nitakapopita.

Nimeizima ile kubwa. Betri zimekwisha, nimemwambia, tuzunguke tu –