Picha za Kiangazi na Mke Aliyekataa Kushuka Bondeni

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako maana nyumba yangu inavunjika na kosa langu silioni. Mimi ni mtaalamu wa maji hapa Kilosa, nimerudi juzijuzi kutoka masomoni ng'ambo, na kazi yangu ni kupima mito kwa picha za setilaiti, yaani siingii majini kama wale wa zamani, naweka rula kwenye picha, napata upana wa mto, kisha napiga hesabu ya maji yanayopita, na mto Miyombo kule Ulaya, kijiji cha hukuhuku Kilosa, si ng'ambo, nimeupima kwa picha zote zilizo safi, za Agosti hadi Oktoba, kwa sababu za masika zilijaa mawingu nikazitupa, na hesabu ikaonyesha ni mto mdogo, mpole, ndipo nikawaandikia wakubwa kwamba kijiji kipya cha ujamaa kijengwe bondeni kando yake, wakapiga makofi, na familia zimeshaanza kuhamia. Sasa mke wangu Hildegarda amechukua watoto amekwenda kwa mama yake kilimani, na mama mkwe, ambaye kwa heshima siwezi kubishana naye, ananiletea maneno kupitia mke wangu kwamba nikatazame takataka zilizonasa juu kwenye matawi ya mikuyu, eti ziliwekwa na maji, nami nikajibu kwa upole kwamba ni viota vya ndege. Watu wananicheka. Nifanye nini mke wangu ashuke kabla ya masika?

Beda, Kilosa

Marahaba, Ndugu Beda. Pole, kulala peke yako na rula si jambo jepesi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili sikuweza.

Umemtazama mlevi kila asubuhi kabla pombe haijaiva, ukampa cheti kwamba hanywi. Mawingu uliyoyatupa kwa kuharibu picha ndiyo yanayoleta maji. Na setilaiti usiisingizie: ilipofunikwa ilinyamaza, wewe ndiye uliyesema kwa niaba yake. Na hao ndege wako, ni ndege gani wa huko kwenu anayejenga kwa mabua ya mahindi na vipande vya mkeka? Heshima ya mkwe ni kutomkodolea macho, bwana, si kutomsikia.

Kesho panda baiskeli uende bondeni. Simama chini ya mkuyu, nyoosha mkono, uone kama unazifikia takataka hizo. Ukishindwa, maji yalipita juu ya kichwa chako, na pale chini sasa kuna vitanda vya watu. Mwombe mwenyekiti aitishe mkutano, useme mbele ya wote, kwa maneno mepesi, "Nimekosea, tuhame." Watacheka, na wana haki. Wakubwa waandikie jioni hiyohiyo, lakini majibu yao usiyangoje, maana mvua haisubiri mhuri. Vua shati, ubebe miti na makuti pamoja na wenzako.

Umeniuliza jinsi ya kumshusha mtu mmoja. Jinsi ya kuwapandisha watoto wa wenzako hukuuliza hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonikasirisha. Hildegarda mwache alipo. Wapandishe wao kwanza, wote, na mtu wa mwisho kutoka bondeni uwe wewe. Ndipo ukapige hodi kwa mama mkwe.