Kiganja Kwenye Ukuta wa Ngome

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mafua yamekuachia? Mimi mzima, ila magoti yananigomea kila nikipanda ngazi za ngome na watoto wa shule.

Nina jambo linanisumbua. Unakikumbuka kile kiganja kwenye lipu, karibu na ghala la baruti? Mdogo wako alikibandika lipu ikiwa mbichi, nilipokuwa bado fundi pale, kabla hawajanipa kazi ya kutembeza wageni. Wewe ulimshika kiuno asitumbukie kwenye karai. Tangu tumzike, kila asubuhi nakigusa kabla ya kufungua lango.

Mwaka juzi mwanafunzi aliniuliza ni cha nani. Nikamjibu, cha mtoto wa fundi wa zamani. Basi ikawa nongwa: kila shule inayokuja inataka kukiona, watoto wanapanga foleni kupima viganja vyao.

Sasa wataalamu wamekuja. Wanasema kina miaka mia tatu na watakiwekea kioo. Nikisema kweli, lipu itabomolewa kwa kuwa si ya kale. Nikinyamaza, sitakigusa tena. Nishauri.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Sijambo, mafua yamekwisha. Barua yako niliisomea jikoni, nikacheka, kisha nikalia mpaka chakula kikaungua. Miaka mia tatu! Bwana Mdogo wetu angevimba kichwa, alivyokuwa hataki kuitwa mtoto.

Sema kweli, Baba. Alikuwa na miaka minne, na alikuwa wetu. Wakibomoa, tutalia pamoja. Najua sijakanyaga nyumbani tangu mazishi; naogopa kukiona kitanda chake.

Binti yako

2 Mei

Shikamoo Baba,

Mbona kimya? Wamekufukuza? Niandikie hata mstari mmoja, nijue unakula.

Binti yako

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakula, usihofu. Nilitaka kwanza jambo liishe.

Nilisema kweli mbele ya wataalamu na darasa zima. Mkubwa wa wataalamu alinuna, akasema nimemtia aibu, na hakukosea. Mkuu wa ngome akaamuru lipu itolewe. Halafu akanigeukia: "Si wewe uliyeipiga?" Nikakubali. "Basi itoe mwenyewe, mzee wangu. Usiharakishe."

Nikachukua patasi yangu ya zamani. Nilikata pembeni taratibu, kama unavyomvua viatu mtoto aliyelala. Imetoka nzima. Nimeileta nyumbani ndani ya shuka la mdogo wako, iko mezani. Kazi bado ninayo, ila watoto wanauliza kiganja kimekwenda wapi. Nawaambia kimerudi kwao.

Nataka kuipachika sebuleni, juu ya mlango, kila anayeingia aione. Unaonaje?

Baba yako

20 Mei

Shikamoo Baba,

Juu ya mlango hapana. Bwana Mdogo hafiki huko. Iweke chini, pale mkono wake ulipokuwa unafika.

Ila usichanganye lipu kwanza. Nimeshakata tiketi, nafika Jumamosi. Nitakushikia karai.

Binti yako